Mita ya Mdosi na Timazi Yangu ya Bati

Jumapili, 11 Julai 2004

Leo ni mwaka mmoja, miezi mitatu na siku sita tangu nitoke Kutus. Nilimwambia Nduta naenda Kitale kwa kazi moja ya ujenzi, mavuno yakifika nitakuwa nimerudi. Mavuno gani, sikusema. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Sasa mtoto anaitwa Wakonyo na anatembea — hayo nimeyapata kwa simu. Sijamwona hata siku moja.

Ujenzi wenyewe uliisha zamani. Kazi ya mwisho ilikuwa hapa Kitale kwa Gikonyo, mdosi wetu, sakafu ya kuoshea magari nyuma ya ghala lake. Nilibeba kokoto hadi viganja vikachubuka. Fundi alituambia tuilaze kuelekea mtaroni, mwenye boma hataki kuona maji yamesimama. Tukailaza. Tulipomaliza Gikonyo akasema nina mgongo mzuri, nibaki nipakie viazi. Nikabaki. Mgongo ule sina tena.

Tuko watatu kwenye Land Rover. Hashim anaendesha. Ni mtu wa Bungoma, nyumba yake iko nyuma ya msikiti, na zamani alikuwa dereva wa trekta huko Mabanga. Kibiwott anakaa juu ya magunia. Ni mwenyeji wa mlimani tunakotoa viazi, mdomo wake haufungi. Mimi nakaa ndani, kushoto. Kazi yangu njiani ni kuangalia timazi.

Timazi hiyo niliitengeneza mimi. Nilikata mfuniko wa kopo kubwa la mafuta ya kupikia nusu, nikatoboa juu, nikaning'iniza nati kwa uzi wa nailoni. Skrubu mbili kwenye dashibodi, basi. Gari likilala kushoto, uzi unaenda kushoto. Siku ya kuifunga tuliingiza gari ndani ya ghala. Nikaweka karai la maji sakafuni, limejaa hadi ukingoni, nikalihamisha kwenye kila gurudumu. Hayakumwagika upande wowote. Hapo ndipo nikachora sifuri.

Upande wa kushoto kuna mikwaruzo minne ya msumari, na kulia minne. Wa kwanza ni pale Kibiwott anapoacha kuimba. Wa pili, Hashim anasema Bismillahi kwa sauti. Wa tatu, mimi na Kibiwott tunatoka tunaning'inia nje upande wa mlima ili tulivute gari. Wa nne, wote chini, nusu ya mzigo inashushwa. Hakuna digrii pale. Kuna woga wetu tu, tumeuchora.

Alhamisi, 15 Julai

Kaptama tena, huko mlimani. Magunia kumi, yale yenye kofia ya nyavu juu, kila moja linanizidi kimo. Mvua ilinyesha jana na njia ni sabuni.

Pale kwenye mwamba, njia inapopita tumboni mwa mlima, uzi ulifika mkwaruzo wa tatu. Hashim akapiga honi mara mbili. Tukatoka — miguu kwenye ngazi ya gari, mikono imeshika kamba, makalio hewani. Akina mama waliokuwa wanapalilia wakasimamisha majembe. Mmoja akapaza sauti ati nyama ya Kitale imekuja kuanikwa. Kibiwott akamjibu: ni ya ng'ombe mzee, mama, haiivi!

Tulivuka. Lakini polepole, na mara mbili tena tukasimama. Bungoma tukafika soko linafagiliwa. Jentrix, yule anayenunua viazi vyetu, alikuwa amefunga leso kiunoni anangoja. Akauliza kama viazi virikuwa vinatembea kwa miguu. Akasema wiki ijayo atachukua kwa watu wengine.

Amempigia mdosi simu. Hashim ameitwa. Nilisikia kupitia mabati ya ofisi: ati siku nzima mnaning'inia kama nyani kwa sababu ya kifuniko cha mafuta!

Jumamosi, 17 Julai

Mdosi amerudi kutoka Nairobi na kisanduku. Ndani kuna mita ya dukani ya kupima gari likilala. Nimeshangaa, sikujua vitu kama hivyo vinauzwa! Kioo cha duara, ndani mafuta masafi, na kigari kidogo kinachotazamwa kwa nyuma. Gari likilala, kigari kinalala. Pembeni kuna namba za digrii. Kijani hadi ishirini, manjano hadi thelathini, halafu nyekundu.

Ni nzuri. Siandiki uongo, niliishika nikaona aibu ya bati langu.

Gikonyo alituita wote watatu akatoa amri. Kuanzia sasa hakuna kusimama, hakuna kuning'inia, mpaka kigari kiingie manjano. "Wazungu wamepima," akasema. "Nyinyi mmepima nini? Roho zenu?"

Hashim akasema, kwa heshima, kwamba hao Wazungu hawakupakia magunia ya kofia. Gikonyo akamuuliza kama anajua ni madereva wangapi wanaomba kazi hapo langoni.

Jumapili, 18 Julai

Nilitaka kulala. Mdosi akanitoa kitandani baada ya kanisa, bado ana tai. Tufunge mita. Niling'oa timazi yangu mwenyewe kwa bisibisi. Akaniambia niitupe. Nimeiweka chini ya kitanda.

Gari lilikuwa nyuma, kwenye sakafu ya kuoshea, limetoka kuoshwa. Gikonyo akavaa miwani akasoma karatasi ya Kiingereza. Inasema gari liwe mahali tambarare, kigari kisimame kwenye sifuri, ndipo ubandike. Akaniuliza: "Hapa ni sawa, ama? Si nyinyi ndio mlimwaga hii simiti?"

Nikasema, ndiyo mdosi, ni sawa.

Akabandua karatasi ya gundi, akazungusha mita hadi kigari kikasimama wima, akagandamiza kwa kidole gumba. Kibiwott alikuwa anachungulia dirishani. Akasema mbona imekaa kama kofia ya mlevi? Kweli ilikuwa imeinama ukiilinganisha na dashibodi. Gikonyo akacheka. Akasema dashibodi ndiyo mbovu, hili gari limekula chumvi kuliko baba yako. Tukacheka wote. Nikarudi kulala.

Jumanne, 20 Julai

Safari ya kwanza na mita. Ajabu!

Kupanda, gari tupu, pale kwenye mwamba kigari kilisoma kumi na sita. Hashim akashtuka, gari tupu halijawahi kulala hivyo. Kushuka, tumepakia, mwamba ule ule, kikasoma nane. Nane! Na bonde sasa liko upande wangu, naona miti ya chini kabisa kupitia dirishani.

Hashim alisimama. Akaniuliza kama naona anachokiona. Nikasema ni kijani. Akasema kiti chake kinamwambia tumelala vibaya, na kioo kinamwambia tuko sebuleni. "Sasa mtu aamini makalio ama aamini glasi?"

Kibiwott alitupigia bati kutoka juu. Ati mlima ukipanda unainama, ukishuka unanyooka, kwa nini mnashangaa, mlima umechoka kama sisi!

Hatukuning'inia. Bungoma tukafika saa sita na robo. Jentrix alifurahi hadi akatununulia chai. Mdosi akasema mmeona?

Mimi nimechoka tu. Ningekuwa nyumbani ningelala siku tatu.

Alhamisi, 22 Julai

Gari limeanguka.

Hashim mzima. Mimi mzima. Kibiwott mguu. Niko hospitalini Bungoma, kwenye korido, saa kumi. Damu ya shati si yangu. Siwezi.

Ijumaa, 23 Julai

Niandike kabla kichwa hakijabadilisha mambo.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Hakukuwa na mvua, lakini magurudumu ya trekta yalikuwa yamechimba mtaro upande wa bonde. Tulifika kwenye mwamba. Hashim aliingia taratibu, gia ya kwanza. Mimi macho kwenye kigari. Kumi. Kumi na tatu. Kumi na saba. Nikawa namsomea kwa sauti. Aliniuliza mara mbili: rangi gani? Nikamjibu mara mbili: kijani. Akasema tungekuwa na bati lako ningekuwa nimepiga honi. Nikasema bado ni kijani. Kumi na nane. Kijani!

Gurudumu la nyuma likashuka mtaroni. Shimo dogo tu, kina cha kiganja. Nikasikia magunia yakihama — mlio kama mtu anavuta pumzi. Halafu mlima ukaenda juu na bonde likaja dirishani. Hakukuwa na kelele. Hicho ndicho kinachonishtua hadi sasa. Gari lililala chini kama ng'ombe anavyolala.

Hashim aliniangukia. Tulitokea mlango wake, juu. Injini ilikuwa bado inanguruma. Mita haikupasuka. Niliiona kwa macho yangu, kigari kimelala ubavu ndani ya mafuta, kinatikisika.

Kibiwott alikuwa juu ya mzigo, mahali ambapo mita ilisema akae. Kwa mkwaruzo wa tatu angekuwa kulia, ananing'inia, angeruka kwenye majani akacheka. Sasa alitupwa kushoto, na magunia mawili na ubao wa gari vikamkamata chini ya goti. Alikuwa anaita jina la mamake. Sikujua anajua kuita kwa sauti ndogo hivyo. Wale akina mama wa majembe ndio waliokuja kwanza. Waliinua gari! Wanawake tisa na sisi wawili.

Gikonyo alifika kabla ya polisi, kwa pikapu yake. Hakuuliza mtu. Alipanda kwenye mlango, akaingiza mkono, akang'oa mita, akaitia ndani ya koti. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Aliniona nikimwona.

Polisi walimchukua Hashim. Uendeshaji wa hatari. Alivua kofia yake, akanipa nimpelekee mkewe.

Jumamosi, 24 Julai

Wamekata mguu. Kushoto, chini ya goti. Muuguzi aliniambia wamejitahidi. Nilikaa kwenye benchi nikaangalia viatu vyangu viwili hadi nikaona haya.

Alasiri mdosi aliniita ofisini Kitale. Alinikaribisha kiti. Sijawahi kuketi kwenye kiti hicho! Akaniongelesha kwa lugha ya nyumbani. Akaniita kijana wa kwetu.

Anasema hivi. Hashim ni mtu mzima, alishika usukani yeye, si mita. Anasema mita haikuwepo. Kilichokuwa garini ni kile kibati. Hashim alikitengeneza, akakiamini, akapindua gari. Nikiandikisha hivyo, mimi sina hatia yoyote. Na lori lake linaondoka Ijumaa alfajiri na mahindi, linapita Kutus. Nafasi ya mbele ni yangu. Tena shemeji yake ana ghala Kerugoya, anatafuta msimamizi. Si mpakiaji — msimamizi. Nitalala kwangu kila siku.

Halafu akauliza kile kibati kiko wapi, nikilete.

Nikasema nilikitupa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kiko chini ya kitanda, nimekilalia hata sasa.

"Fikiria," akasema. "Huyo Hashim ni nani kwako?"

Jumapili, 25 Julai

Mungu wangu.

Sikwenda kanisani. Nilikuwa nafua shati lile kwenye sakafu ya kuoshea magari, maana ndipo penye mfereji wa maji ya bomba. Maji yenye damu yalikuwa yanatoka kwenye karai yakikimbia. Yanakimbia! Yalikwenda moja kwa moja hadi mtaroni bila kusita, na mimi nimechuchumaa nayatazama. Niliinuka na sabuni mkononi.

Tuliilaza. Mimi mwenyewe nilishika ubao wa kusawazisha. Fundi alisema ilale vizuri, ikalala vizuri. Na Jumapili iliyopita gari lilisimama hapa, magurudumu ya kushoto upande wa mtaro. Na mdosi akauliza hapa ni sawa. Na mimi nikasema ndiyo.

Nilileta timazi kutoka chini ya kitanda. Nikaiegemeza kwenye ubao, nikalaza ubao pale pale gari liliposimama. Uzi ukaenda kushoto, ukapita mkwaruzo wa kwanza. Nikageuza ubao. Ukaenda upande mwingine, vile vile. Nikarudia mara nne.

Sasa naelewa yale ya Jumanne. Kupanda kumi na sita, kushuka nane. Mlima ni ule ule. Kumi na mbili ni katikati: nne zimeongezwa huku, nne zimefichwa kule. Upande wa bonde, tukiwa na mzigo, mita ilikuwa inatuficha digrii nne kila mara. Darasa la sita nilitoka, lakini hesabu hiyo naiweza. Mbona sikuifanya Jumanne? Nilikunywa chai ya Jentrix!

Iliposema kumi na nane, ilikuwa ishirini na mbili. Ilikuwa manjano. Hata kwa amri ya mdosi mwenyewe tungetoka nje. Kibiwott angekuwa na mguu.

Gikonyo hajui habari ya sakafu. Hashim hajui. Fundi alirudi kwao Bokoli. Dunia nzima ni mimi peke yangu ninayejua.

Je, nilijua siku ile? Nimejiuliza mchana kutwa. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na hasira kwa sababu ya bati langu, nilitaka kurudi kulala. Mtu akiuliza swali, unatoa jibu linalomwondoa. Sikusema uongo. Sikuangalia tu.

Hilo haliniponyi.

Jumatatu, 26 Julai

Nimempigia Nduta kwenye simu ya jirani. Nimemwambia narudi Jumamosi. Akamwekea mtoto simu sikioni. Sikusikia neno, nilisikia pumzi. Nduta akasema anajaribu kula simu.

Ndiyo, nimekubali lori. Nimemwambia mdosi asubuhi. Alinipiga bega.

Kisha nikaenda Bungoma kumpelekea Hasina kofia ya mumewe. Nilikuwa nimekaa nayo siku nne, aibu.

Hashim alipelekwa kortini leo. Kesi itatajwa tarehe kumi na tisa Agosti. Dhamana haijapata mtu wa kuisimamia. Nilimkuta Hasina mlangoni na binti yao Aaliyah, wanachambua mchele. Nikamwamkia, nikamwita Mama Aaliyah, nikampa kofia. Aliipangusa vumbi kwa kiganja, akaitia ndani ya leso.

Hakulia. Alinikaribisha chai, halafu akaniuliza swali moja tu. Mume wake amemwambia kwamba aliuliza rangi mara mbili. Je, ni kweli aliuliza?

Nikasema ni kweli.

"Ulimjibu nini?"

"Kijani."

Akainamia mchele. Akasema: "Basi Hashim hakukosea. Aliuliza, akajibiwa." Hakunishutumu. Alisema tu, kama mtu anayehakikisha hesabu ya mawe kwenye mchele. Aaliyah alikuwa ananitazama wakati wote.

Sikumaliza chai.

Jumanne, 27 Julai

Nimelala Bungoma, kwenye veranda ya Nyongesa makanika. Ndiye aliyelikokota gari hadi uani kwa polisi. Asubuhi aliniuliza kama gari irikuwa imebeba mrima wenyewe. Halafu akasema jambo lililonisimamisha. Kwenye dashibodi kuna alama ya gundi, mraba, mpya. "Na imekaa upande, bana. Nani aribandika kitu mshazari hivyo?"

Alama imebaki! Mdosi aling'oa mita, hakung'oa gundi. Iko uani kwa polisi, imeinama digrii nne, inangoja mtu wa kueleza ni nini.

Nikaenda wodini. Kibiwott ameamka. Amekonda kwa siku tano kama aliyefunga mwezi mzima. Nilisimama miguuni pa kitanda — nilitaka kusema kando ya kitanda. Shuka imelala chini mahali palipostahili kuwa juu.

Aliponiona akatabasamu kwa shida. Akasema: "Fundi nusu wa mfuniko nusu! Sasa tuko nusu wawili." Nikajaribu kucheka. Akasema nilete timazi, tumpime akisimama, aone atakuwa analala digrii ngapi.

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka sana. Mimi nilishika chuma cha kitanda.

Halafu Kibiwott akanong'ona kwamba mdosi amekuja jana. Amemletea machungwa na maziwa. Amemwambia ni Hashim aliyewaua nusu. Kibiwott akamuuliza, na ile mita? Mdosi akasema dawa za usingizi zinaleta ndoto, hakukuwa na mita. Akaniuliza: "Mbogo, nilikuwa naota? Si ndiyo ile ya kofia ya mlevi? Si tulicheka?"

Nikasema hukuota.

"Basi wewe utasema," akasema, akafumba macho. Hakuuliza. Alisema kama unavyosema kesho ni Jumatano.

Sikumwambia habari ya sakafu. Nilikaa naye hadi akalala, nikamenya machungwa ya mdosi yote sita nikayapanga kwenye sahani. Sikula hata kipande.

Jumatano, 28 Julai

Saa nne asubuhi. Niko kwenye benchi la kituo, Bungoma. Naandika kwenye goti. Mbele yangu kuna watu wawili, mmoja ameibiwa baiskeli, mwingine sijui.

Mdosi anajua niko hapa. Nilirudi Kitale jana jioni, na leo amenileta yeye mwenyewe kwa pikapu. Amekaa nje garini na redio yake, anadhani nakuja kusema habari ya kibati cha Hashim. Njia nzima alikuwa ananieleza habari za Kerugoya, bei ya mahindi, jinsi nitakavyokuwa na funguo. Pale Kamukuywa alininunulia mahindi ya kuchoma. Nilikula. Nilikuwa na njaa, siandiki uongo.

Hajui kilicho ndani ya mfuko wangu. Timazi imefungwa kwenye shati. Nati inagonga bati kila nikisogea, nimeibana kwa kiwiko.

Nimepanga maneno. Kwanza, mita ilikuwepo, waende wakaangalie gundi. Pili, Hashim aliuliza rangi mara mbili, na aliyejibu ni mimi. Tatu, amri ya kutosimama ilitoka kwa nani. Nne, sakafu. Hiyo ya nne naianza mara kumi kichwani na kila mara naanzia mbali, kwenye kokoto, kwenye fundi, kwenye maji. Nitasema tu: niliulizwa kama pako sawa, nikasema ndiyo, na hapakuwa sawa, na mimi ndiye niliyepajenga.

Labda wataandika jina langu upande wa mashahidi. Labda upande ule mwingine. Nimemwuliza mwenye baiskeli kama anajua. Ameniambia nijiombee.

Nimepita kwenye simu kabla hatujafika, nikamwambia mdosi naenda haja. Jirani alisema Nduta yuko mtoni. Nikamwachia ujumbe: si Jumamosi tena. Jirani akasema, ati nini? Alishaanza kufagia uwanja! Nikasema mwambie tarehe ishirini, Ijumaa, baada ya kesi kutajwa. Akauliza ni kesi ya nani. Nikakata.

Mwenye baiskeli ameingia. Ametoka. Haraka hivyo!

Kupitia dirishani naona uani. Land Rover iko pale, imesimama kwa magurudumu yake, imebonyea upande mmoja. Huko nje redio ya mdosi inaimba.

Wa pili ameingia.

Tarehe ishirini Agosti niko Kutus, jioni, nikipata gari la asubuhi. Wakinizuia, basi mavuno yajayo. Mlango umefunguliwa. Afande anatafuta jina langu kwenye karatasi. Ameniita.